Makapera hawahitaji sabufa, wanahitaji zamu

Mhariri,

Kila ikikaribia tarehe 14 Februari, mji wetu wa Tabora nao hupata matangazo yake ya “usiku wa makapera”. Mpangilio ni uleule: ukumbi, sabufa mbili, mshereheshaji mwenye maneno mengi, kina dada kuingia bure. Watu huja na rafiki zao, hukaa na rafiki zao, hupiga picha na rafiki zao, na saa nane za usiku huondoka na rafiki zao. Anayepata alichokifuata ni muuza vinywaji. Kisha lawama huwaangukia vijana, kwamba wa siku hizi hawataki kuoa wala kuolewa.

Sisi tunaoandika barua hii tunashughulika na kuandaa na kusimamia mikutano ya kuwakutanisha watu wasio na wenza, na tunasema kasoro iko kwenye maandalizi. Mtu mzima haogopi kuzungumza. Anachokosa ni sababu ya kumsogelea asiyemjua mbele ya macho ya wanaomjua, na Tabora ni mji wa macho. Ukionekana Jumapili pale Cheyo umekaa na mtu, Jumatatu habari ziko kata ya Ng'ambo, tena zimetiwa chumvi. Kwa hiyo mwandaaji ana kazi mbili: kumpa kila aliyekuja sababu ya kuzungumza na kila mtu, na kuhakikisha aliyekataliwa hafahamiki na yeyote. Mengine ni mapambo.

Wenye haja si wachache. Walimu waliopangiwa vituo wilaya za Uyui, Sikonge na Urambo, wauguzi wa hospitali ya Kitete, askari, mafundi wa reli ya kisasa, wafanyakazi wa vyuo: wengi wao wametoka mikoa mingine. Hawana shangazi hapa wa kuwaulizia, wala jirani aliyewaona wakikua. Mshenga ni mtu wa maana, ila kazi yake huanza pale wawili au familia mbili zinapokuwa zimeshajuana. Kabla ya hapo hana pa kupeleka posa. Na wapo wajane na waliotalikiwa, ambao matangazo ya Februari huwaruka kabisa kana kwamba wao hawana upweke.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni mazungumzo ya zamu: mwanamke na mwanaume wanazungumza mezani kwa dakika chache, kengele inalia, mmoja anahamia kwa mwingine, hadi kila mtu azungumze na wote wa upande wa pili. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Los Angeles, Marekani, na Yaacov Deyo, rabi wa Kiyahudi aliyetaka vijana wa dini yake wapate kujuana kwa heshima na kuoana. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaoiona njia hii kuwa uhuni wa klabu. Aliyeibuni ni kiongozi wa dini, na shida aliyokuwa nayo ndiyo waliyo nayo mapadri, wachungaji na mashehe wetu.

Chukua watu 24, wanawake 12 na wanaume 12, na meza 12 zenye viti viwili kila moja. Kila zamu ina dakika 5 za mazungumzo na dakika 1 ya kuandika na kuhama, kwa hiyo zamu 12 ni dakika 72. Weka mapumziko ya dakika 20 baada ya zamu ya sita. Ukijumlisha kujiandikisha mlangoni na chai ya mwisho, shughuli nzima haizidi saa tatu. Wakiwa pungufu ya wanane kila upande, wawili tu wasipotokea mkutano unakuwa mkiwa. Wakizidi 15, kufikia meza za mwisho watu wanatoa majibu yaleyale kwa sauti ya kuchoka, na sura za mwanzo zimeshafutika. Kuna wanaopendekeza zamu za dakika 3. Kwetu hazifai, maana salamu zenyewe, ukianza na ya Kinyamwezi na kuulizana habari za nyumbani, zinameza dakika ya kwanza. Dakika 8 nazo ni adhabu kwa wawili walioona mapema kwamba hawapatani.

Sasa tufike kwenye kuhama, mahali ambapo mikutano mingi huharibika. Kawaida wanawake hukaa na wanaume husogea meza moja kulia kila kengele inapolia. Sisi tunashauri wabadilishane baada ya mapumziko: wanaume wabaki walipofika, wanawake ndio wasogee. Si suala la usawa wa maneno. Mwaka 2009 wanasaikolojia wa Marekani, Eli Finkel na Paul Eastwick, walichapisha utafiti juu ya mikutano ya namna hii. Inajulikana kwamba wanawake ndio huchagua kwa ukali zaidi. Watafiti hao waligundua kwamba tofauti hiyo hutoweka wanawake wanapokuwa wao wanaosogea. Anayesogea humwona aliye mbele yake kwa jicho jema kuliko anayekaa kusubiri. Basi ni haki kila upande uonje kusogea.

Lakini hapa pana mtego. Kama kipindi cha kwanza wanaume walisogea kulia, kipindi cha pili wanawake lazima wasogee kushoto. Wakisogea nao kulia, kila mmoja anarudishwa kwa mtu aliyezungumza naye zamu ya tano, ukumbi unacheka, na karibu nusu ya pili yote inakuwa marudio. Chora mzunguko kwenye karatasi kabla, uweke mshale mezani, na msimamizi mmoja asimame kwenye kona ambayo meza ya mwisho inaunganika na ya kwanza. Ni pale ndipo watu hupotea.

Ikitokea wanaume 10 tu wamefika, usiondoe meza mbili. Acha viti vyao vitupu na mzunguko uendelee na zamu zake 12. Mwanamke atakayekuta kiti kitupu anakwenda meza ya chai kukaa na msimamizi wa kike kwa dakika tano, kisha anarudi kwenye nafasi yake. Waandaaji wengine huziba pengo kwa kumwingiza mpwa wao au mhudumu wa ukumbi. Watu hutambua, na wakitambua mara moja hawarudi tena. Aliyechelewa naye asipenyezwe katikati ya zamu. Asubiri kengele, aingie kwenye kiti chake kilichoachwa wazi. Zamu zilizompita zimempita.

Tumia kengele ya mkononi, ile ya shule. Kipaza sauti hakihitajiki kwa watu 24. Mshereheshaji, kama lazima awepo, apewe dakika tano za kueleza utaratibu kisha akae. Asimwite mtu mbele, asiulize nani amependa nani, asifanye utani wa makabila. Utani huo ni mtamu kati ya watani wenyewe. Mbele ya mgeni kutoka Lindi anayejaribu kuzungumza na mtu kwa mara ya kwanza, unageuka mtihani. Muziki upigwe watu wanapoingia na wanapokunywa chai, kwa sauti ambayo haimlazimishi mtu kuinama sikioni mwa mwenzake. Wakati wa zamu uzimwe kabisa.

Watu wengi, wakiachwa wenyewe, huuliza mambo matatu: unafanya kazi wapi, unaishi wapi, kabila gani. Kwa maswali hayo dakika tano zinageuka usaili wa ajira, na mwenye mshahara mdogo anajiona ameshafeli. Weka kila meza kadi tatu zenye maswali ya kufungulia mazungumzo. Chakula gani unakipika bila kumuuliza mtu? Ukipewa wiki moja na tiketi ya treni, utashuka stesheni gani, na kwa nini? Kazi gani ya nyumbani hupendi hata ukilipwa? Jambo gani uliliamini ukiwa na miaka 20 na sasa huliamini? Wasilazimishwe kuzijibu. Kadi ipo kwa ajili ya ule ukimya wa sekunde ishirini unaomfanya mtu atazame simu yake. Simu zenyewe ziwekwe kimya na zisikae juu ya meza.

Kila mwanamke apewe namba, 1 hadi 12, na kila mwanaume herufi, A hadi L. Ukiwapa wote namba, kadi zitachanganyika wakati wa kuhesabu. Kifuani kila mmoja abandike jina la kwanza na alama yake, basi. Jina la ukoo na mahali pa kazi havimhusu mtu kwa siku hiyo. Mkononi awe na kadi ya kujibu yenye mistari 12, na kila mstari una visanduku vitatu: ndiyo, urafiki tu, hapana. Ajaze katika ile dakika moja ya kuhama. Anayesema atajaza mwishoni hukumbuka wa kwanza na wa mwisho, wa katikati akawachanganya wote. Kadi iandikwe upande wa ndani, ikunjwe kila mara, na penseli ziwe za kutosha, angalau 30, kwa kuwa huanguka na hupotea.

Kadi zote zikusanywe kabla ya mtu kutoka. Wasimamizi wawili, wa kike na wa kiume, wachore jedwali la 12 kwa 12 na kuhamisha alama, wakiwa chumbani peke yao. Panapokutana ndiyo mbili, hao wamechaguana. Ndiyo na urafiki huhesabiwa urafiki. Ndiyo iliyokosa mwenzake inabaki siri ya wasimamizi. Matokeo yasitangazwe ukumbini hata kama watu wanashangilia yatangazwe. Kesho yake, kati ya saa nne na saa sita mchana, kila mmoja apelekewe ujumbe wake mwenyewe kwa simu: “Habari. Wewe na F mmechaguana. Namba yake ni hii, naye amepewa yako. Mkikutana, anzeni mahali pa wazi, mchana.” Na aliyekosa naye apelekewe, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo: “Habari. Safari hii hakuna mliyechaguana. Mkutano ujao utakuwa na watu wengine, nafasi yako ipo ukitaka.” Ukikaa kimya kwa walioambulia patupu, watajua kwa kuulizana, na hiyo ndiyo aibu tuliyosema tangu mwanzo.

Kundi la WhatsApp la washiriki ni kosa kubwa kuliko yote. Siku linapofunguliwa, namba za wanawake 12 ziko mikononi mwa wanaume 12, na hakosi mmoja wa kuwaandikia wote “mambo mrembo” usiku wa manane. Picha nazo zikatazwe. Ukumbi wenye mpiga picha ni ukumbi wa watu waliokakamaa, na picha ikishawekwa kwenye stetasi ya mtu hakuna tena siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya majina, simu, dini na hali ya ndoa ni taarifa binafsi hasa. Mtu aelezwe tangu kujiandikisha namba yake itapewa nani na lini, akubali kwa maandishi, na kadi zichomwe moto kazi ikishaisha. Sisi tunaona siku 30 zinatosha.

Usajili ufanywe wiki moja kabla. Fomu iulize jina, mwaka wa kuzaliwa, simu, hali ya ndoa, kama ana watoto, dini, na kama dini ya mwenzake ni sharti. Hilo la mwisho wengi huona haya kuliuliza, na ni haya isiyo na faida. Kwa Muislamu au Mkatoliki wa msimamo, jambo hilo litajitokeza tu, na ni heri litokee kwenye fomu kuliko mwezi wa sita wa mapenzi. Ukiona wengi wamesema ni sharti, fanya mikutano miwili tofauti, uache mmoja wa wasiojali.

Umri una kanuni mbili. Ya kwanza ni ya mlangoni: kitambulisho cha Taifa au cha mpiga kura kioneshwe, na asiingizwe mwanafunzi wa sekondari hata awe ametimiza miaka 18. Ya pili ni ya upangaji: kundi moja lisipishane zaidi ya miaka kumi au kumi na miwili. Ukiweka wa miaka 23 na wa 48 meza moja, wote wawili wamepoteza dakika tano, na mmoja wao pengine anajisikia vibaya. Wajane na waliotalikiwa wapewe siku yao wakiitaka, na mapumziko marefu zaidi, kwa kuwa wao huwa na mengi ya kuuliza na hawana haraka.

Hali ya ndoa ni eneo la uongo. “Tumeachana” yaweza kumaanisha talaka ya mahakama, yaweza kumaanisha ugomvi wa wiki iliyopita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, hudhaniwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo anayeishi na “mzazi mwenzangu” nyumba moja Isevya si kapera, hata kama hakuna cheti. Waislamu wanaotafuta mke wa pili wana njia yao ndani ya sheria hiyohiyo, lakini mkutano wa zamu haukupangwa kwa ajili yao, na waambiwe hivyo kwa adabu kabla hawajalipa. Kila mshiriki asaini tamko kwamba hana ndoa. Karatasi haizuii uongo, ila inampa msimamizi haki ya kumtoa mtu bila mabishano.

Kiingilio kiwe sawa kwa wote na kilipwe kabla kwa simu. Aliyelipa hutokea, aliyeahidi tu huangalia kwanza mpira. Kina dada wakiingia bure, wanaume hujiona wamenunua kitu, na mazungumzo huanza na hesabu hiyo kichwani. Kwa kiingilio cha shilingi 10,000, watu 24 huleta 240,000. Nusu iende kwenye vinywaji na vitafunwa, robo kwenye ukumbi, na robo kwenye kadi, penseli na nauli za wasimamizi. Mwandaaji asichukue ada kwa ndoa iliyopatikana, wala asiwe mshiriki kwenye mkutano anaousimamia.

Kwa upande wa mahali, epuka baa, na epuka zaidi ukumbi wa nyumba ya kulala wageni. Bwalo la shule, bustani ya mgahawa, ukumbi wa taasisi ya dini usiotumika kwa ibada, vyote vinafaa. Kati ya Mei na Oktoba hata chini ya mwembe panatosha. Mvua zikianza Novemba, ukumbi wa bati usio na dari hautumiki, kwani mvua ikipiga hakuna anayemsikia mwenzake. Meza ziachane kama mita moja na nusu, na viti viwekwe kwenye kona ya meza, pembe kwa pembe. Kukaa uso kwa uso kama mbele ya hakimu humkausha mtu koo. Siku nzuri ni Jumapili, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Ibada zimekwisha, Wasabato hawajakoseshwa Jumamosi yao, na watu wanafika nyumbani jua lingalipo au ndiyo linazama. Mwezi wa Ramadhani upishwe. Anayetaka kuja na ndugu wa kumsindikiza aruhusiwe, ndugu akae pembeni na chai yake.

Pombe isiwepo, si kwa sababu ya dini tu. Dakika tano za mlevi ni ndefu mno. Chai yenye asali ya Sikonge, soda, maji, karanga, kashata, sambusa zisizochuruzika mafuta vinatosha. Samaki wa Kigoma ni watamu, lakini miiba na mazungumzo na mgeni haviendi pamoja.

Aliyechaguliwa asidhani kazi imekwisha. Ndani ya siku chache atakutana na yule mtu peke yao, na hapo huingia matapeli: nauli imepungua, mama anaumwa, “tuma na ya kutolea”. Mwandaaji atangaze mapema kwamba atakayemwomba mwenzake fedha kabla hawajakutana mara tatu aripotiwe, na jina lake lisipokelewe tena.

Tuongeze la harusi kwa ufupi. Kamati ya harusi huwakusanya watu wasiojuana kwa wiki kadhaa, kila mmoja na kazi yake, na kukutana mara kwa mara huku mkifanya kazi hufungua watu kuliko zamu zetu zote. Wenyekiti wa kamati wachanganye upande wa bwana harusi na wa bibi harusi kwenye kazi ndogondogo, wawili wawili: wa usafiri, wa mapambo, wa kukusanya ahadi. Ila waache ule mchezo wa kuwasimamisha makapera wagombee shada la maua mbele ya wakwe. Wenye heshima zao hukimbilia chooni wimbo ukianza.

Mwisho tuna ombi kwa wenye kumbi, hasa shule na taasisi za dini. Wafikirie kukodisha kwa saa tatu badala ya siku nzima. Bei ya siku nzima ikigawanywa kwa watu 24, kiingilio kinavuka ile 10,000, na wa kwanza kubaki nyumbani ni mwalimu mpya wa Uyui ambaye bado ana nauli ya kwenda na kurudi.

Ni sisi,
Waandaaji na wasimamizi wa mikutano ya makapera na wajane,
Tabora Mjini